Mdhamini Anayefaa Hajapatikana, Kwa Hiyo Naomba Nisife

Paskazia Masele,
Igogo, upande wa mwaloni,
Mwanza.

Kwa Wakili Msomi Chenge,
Ofisi iliyo juu ya duka la vitenge,
Nyamagana, Mwanza.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA USHAURI WAKO WA UDHAMINI, PAMOJA NA OMBI LA KUONGEZEWA MUDA WA KUISHI

Ndugu Wakili Msomi,

Kichwa cha barua kinajieleza, na kama hakijajieleza, endelea kusoma.

Kwa kuwa hili ni jambo la kiofisi, sitakuita mwanangu. Wala sitataja kwamba mimi ndiye niliyekubeba mgongoni pale mama yako, mdogo wangu Tereza, alipokuwa chuo cha ualimu, na kwamba ulikuwa mtoto mzito. Wala sitauliza kwa nini hujaja kunisalimia tangu Pasaka. Hayo ni ya nyumbani. Hapa nakuandikia kama mwananchi aliyeumizwa na mtaalamu.

Utakumbuka ubatizo wa mtoto wako. Nilikuwa nimekaa na sahani yangu ya pilau, nikasema kwa sauti ya kawaida kwamba magoti yananiuma. Mtu mwingine yeyote angesema pole. Wewe ulivuta kiti, ukaniuliza, "Mama mkubwa, hivi umeshapanga mambo ya mali zako?" Nikakujibu kwamba mali zangu zinajulikana: nyumba ya Igogo na vyumba vyake vya kupangisha, mtumbwi wa mashine, na kiwanja cha Kisesa. Ukasema kwa watu wengi vitu vya namna hiyo vinamalizwa na wosia tu, unaandika nani apate nini, basi. "Lakini wewe una Ngosha," ukasema. "Kwa ajili ya mwanao Ngosha, fikiria udhamini."

Kisha ukaeleza, mdomo umejaa nyama. Kwamba mali naikabidhi kwa wadhamini. Wao wanaishika na kuiendesha, lakini faida si yao, ni ya mnufaika, yaani Ngosha, mpaka mwisho wa maisha yake. Nililipenda neno hilo. Nilirudi nalo nyumbani kama mtu aliyeshona nguo mpya, na tangu siku hiyo sijapata amani. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Neno lenyewe ni bovu.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa naanika dagaa na jirani yangu Adoyo. Nikamwambia, kwa furaha, "Jirani, natafuta wadhamini wawili. Watu wazima, waaminifu, wenye makazi yanayojulikana." Hayo ya makazi niliyasikia kwako, na yalinipendeza.

Adoyo aliweka chini ungo wake, akashika mdomo. "Mama Jona! Wamekukamata na nini?"

Hakusubiri jibu. Kumbe, Wakili Msomi, katika nchi hii mtu akitafuta wadhamini wawili wenye makazi yanayojulikana, yuko polisi. Kabla jua halijakaa katikati, Igogo nzima ilikuwa na habari kwamba nimekamatwa na samaki wachanga. Mimi! Mimi ambaye sijawahi kuuza sangara asiyefikia kipimo, na ambaye niliwahi kumrudishia mvuvi ndoo nzima nikamwambia apeleke chekechea!

Mume wa Adoyo, bwana Okech, yule fundi wa mashine za mitumbwi, alifika mlangoni kwangu amevaa shati la kanisani, ameshika barua ya serikali ya mtaa na nakala ya kitambulisho. "Mama, twende," akasema. "Ni kituo gani?" Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda changu, ndani ya nyumba yangu, nakula michembe ya viazi vitamu. Nikamwambia sijakamatwa. Akaangalia kulia na kushoto, akanong'ona, "Sawa kabisa. Na ukifika huko usiseme neno lingine zaidi ya hilo."

Kwaya ikaja, ikaimba wimbo wa wafungwa, ikanywa chai yangu yote. Baada ya kwaya ikaja timu ya mpira ya vijana wa mtaa. Wao walikuwa wamesikia vizuri zaidi: kwamba Mama Jona ana wadhamini, hajui awafanyie nini. Wakaomba jezi.

Nilimfafanulia kila mmoja. Hakuna aliyeamini. Mpaka leo mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, wananiambia, "Pole kwa yaliyokupata," na mimi naitikia, "Nimeshapoa," kwa sababu nimechoka.

2. Ushauri wako umemfanya mwanangu Jonathan anipende kwa namna inayonitia hofu.

Jonathan ni mzaliwa wangu wa kwanza, unamjua, yuko Dodoma ofisini. Aliposikia nimekamatwa alipanda basi. Aliposikia sikukamatwa, ila nagawa mali, alishuka kwenye basi kwa haraka zaidi. Tukakaa kikao. Nikamweleza udhamini kama ulivyonieleza wewe, bila nyama mdomoni.

Akauliza, "Mdhamini anapata nini?"

Nikasema, "Anapata kazi."

"Na nini tena?"

"Lawama."

Akatafakari. Kisha akasema, "Basi mimi nitakuwa mwenyekiti wa wadhamini."

Tangu arudi Dodoma ananipigia simu kila asubuhi. Zamani alikuwa ananipigia Krismasi. "Shikamoo mama, umeamkaje? Presha iko ngapi?" Ameninunulia na mashine ya kupimia, inafunga mkono kama nyoka. Nikimwambia presha iko vizuri, anasema "Ooh," kwa sauti ya mtu aliyeambiwa kwamba basi limechelewa. Sisemi kwamba ananiombea mabaya. Nasema tu kwamba mama hapaswi kusikia sauti hiyo kabla ya kunywa uji.

3. Ulisema wadhamini wachaguliwe kwa kuangalia tabia. Hukusema tabia inaangaliwaje. Ilibidi nibuni mtihani.

Nilifikiri hivi: atakayeaminiwa na nyumba, kwanza aaminiwe na mnyama. Nikampelekea shemeji yangu Mashimba, mdogo wake marehemu mume wangu, mbuzi jike aliyenona, kule kwake Misungwi. Nikamwambia mbele ya watu, "Huyu si wako. Unamshika kwa manufaa ya Ngosha." Akaapa kwa jina la baba yao.

Nilipokwenda kumtazama, mbuzi hakuwepo. Nikauliza. Shemeji akanipa kiti, akanipa maji, akasema, "Walikuja wageni wa ukoo. Tulimla kwa niaba ya Ngosha."

Nikasema, "Ngosha hakuwepo."

"Lakini alitajwa kwenye sala ya chakula." Kisha akaingia ndani, akatoka na ngozi, akaikung'uta mbele yangu. "Na mtaji bado upo, shemeji."

Nilicheka, Wakili Msomi, siwezi kukudanganya. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Ila nilipokuwa naondoka akanisindikiza hadi barabarani, akaniambia kwa upole kabisa, "Tena usihangaike na makaratasi ya mawakili. Ile nyumba ya Igogo aliijenga kaka. Ukiondoka, ukoo upo." Mawe ya msingi wa nyumba ile niliyabeba mimi kichwani, tumbo likiwa na Evelina. Hapo sikucheka. Nilipanda gari nikarudi mjini, na usiniulize nilikuwa nafikiri nini.

4. Bwana Okech naye ameshindwa mtihani, kwa kufaulu kupita kiasi.

Yeye nilimpa kuku tetea, kwa maneno yale yale. Baada ya muda nikapata wageni, nikaenda kwake kuomba mayai. Akasimama mlangoni, mikono ina grisi, akasema, "Mama Jona, samahani sana. Haya ni ya Ngosha."

"Mimi ni mama yake."

"Ndiyo. Lakini si mnufaika."

Neno hilo nilimfundisha mimi mwenyewe! Nilikaa pale nikimwangalia mtu niliyemfundisha kunikatalia. Wageni wangu walikula mchicha.

Si hilo tu. Ngosha mwenyewe alikwenda kuomba mayai, akitaka kumpa muuza mkaa aliyemwambia ana njaa. Okech alimkatalia pia. Alimchemshia moja, akalimenya, akamketisha kwenye benchi la karakana, akakaa naye mpaka limemezwa. Vifaranga vilipototolewa akavipaka miguu rangi ya buluu ile ya mitumbwi, visije vikachanganyika na vya kwake. Vinapita mtaani kama vimevaa soksi. Sasa nakuuliza, mtu wa namna hii ukimkabidhi nyumba, si nitaomba ruhusa kuingia chooni?

5. Anayefaa hataki.

Binti yangu Evelina, anayeshona Mirongo, ndiye aliyebaki. Huyu ndiye anayemshonea kaka yake mashati yenye mfuko kwa ndani, ili akiombwa alichonacho asikione haraka. Nilimfuata kibandani kwake. Hata sijamaliza kueleza, akasimamisha cherehani.

"Mama, kazi yote nitafanya. Nitampikia, nitamwosha akiumwa, nitakusanya kodi za wapangaji. Lakini jina langu lisiandikwe popote."

Nikamuuliza kwa nini.

"Watasema nimemla kaka yangu."

Akalia, machozi yakadondoka kwenye sare ya shule ya mtoto wa watu, ikabidi tuipige pasi upya. Nilimwambia watu watasema tu hata asipoandikwa. Akajibu kwamba wakisema bila karatasi yanapita, wakisema na karatasi yanabaki. Hapo ndipo alipohitajika msomi, na wewe hukuwepo.

Hivyo hali ikawa hivi: anayetaka namwogopa, aliyeapa amekula, mwaminifu ananikatalia mayai, na anayependa hataki kuandikwa. Kabla ya ushauri wako nilikuwa nawaamini wote hawa. Nililala vizuri. Niliwaamini kwa sababu hakuna aliyewahi kuniuliza kama nawaamini.

6. Nilijaribu kukuacha na udhamini wako nirudi kwenye wosia, nikagundua kwamba ulikuwa sahihi. Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote.

Nilichukua kalamu. Kiwanja cha Kisesa, Jonathan. Mtumbwi, Evelina. Ni rahisi, wino ulitiririka. Nikaandika, "Nyumba ya Igogo, Ngosha." Nikainua kichwa, nikamwona anaingia uani anachechemea. Alikuwa ametoka mjini peku. Viatu vyake vipya alimpa mtu pale Mirongo.

"Alikuwa anavitaka," akaniambia. Alikuwa na furaha.

Unajua Ngosha alivyopata degedege akiwa mdogo. Mwili ulikua, ndevu zikaota, nguvu anazo, anabeba magunia ya dagaa kuwashinda wenzake, na kwenye kwaya sauti yake ya chini ndiyo wanayoiegemea wengine. Kitu kimoja tu hakikuota: kukataa. Neno "hapana" halimo kinywani mwake. Nikimwachia nyumba kwa wosia, mkononi, kwa jina lake, ataamka Jumatatu akiwa mwenye nyumba, na Jumatano atakuwa amempa mtu aliyemwambia, "Ngosha, una nyumba nzuri." Na atakuja kaburini kwangu kunisimulia, akiwa na furaha.

Nilichana ile karatasi. Nilikukasirikia sana, Wakili Msomi. Hakuna kinachoudhi kama mtoto uliyembeba mgongoni kuwa sahihi, tena akiwa anatafuna.

7. Kwa hiyo nimefikiri kwa makini, hatua kwa hatua, kama mnavyofikiri nyie mahakamani.

Udhamini unahitajika. Udhamini unahitaji mdhamini. Mdhamini awe anamjua Ngosha, anampenda, haogopi ukoo, hali mbuzi, halii kwenye nguo za wateja, na mayai anatoa pale panapostahili. Nimepita mtaa mzima na mtu wa namna hiyo ni mmoja tu, naye ni mimi. Mimi sina kasoro yoyote isipokuwa moja ambayo uliitaja mwenyewe siku ile ya ubatizo: kwamba nitakufa.

Kasoro hiyo ni ya kisheria, na kasoro za kisheria ndiyo kazi yako. Kwa hiyo naomba rasmi yafuatayo. Uandike hati ya udhamini ambayo mdhamini ni Paskazia Masele, peke yake. Ndani yake uweke kifungu kinachosema kwamba mdhamini huyo haruhusiwi kufa wakati mnufaika bado yupo hai. Na kwa kuwa mimi siwezi kuvumilia kumzika Ngosha, weka kifungu kingine kwamba na yeye asife. Sijui ombi kama hili hupelekwa mahakama gani. Kama ya mwanzo haina mamlaka, anzia juu.

Usiniambie haiwezekani. Uliniambia inawezekana mali ikawa ya mtu asiyeishika na ikashikwa na mtu ambaye si yake. Aliyefikiria hilo hawezi kushindwa na hili dogo. Sidai kuishi milele kwa tamaa. Magoti yangu yenyewe yalikuwa yameshakubali kupumzika. Nadai kwa ajili ya kazi.

Nategemea jibu la maandishi, lenye muhuri, lisiloanza na "Mama mkubwa."

Msalimie mkeo, mwambie pilau lilikuwa zuri ila karafuu zilizidi. Msalimie mama yako Tereza, na umwambie kitenge changu kipo kwake, sijasahau. Mtoto mbusu. Wasalimie na mawakili wenzako wote hapo ofisini, pamoja na yule dada wa mapokezi aliyeniambia nisubiri, kisha akanisahau.

Wako katika kulalamika,
Paskazia Masele

N.B. Barua hii haikutumwa. Siku ile ile niliyoimaliza homa ilinishika, malaria ya kichwa, nikalala kama gunia. Nakuandikia sasa nikiwa nimeegemea ukuta, kwa hiyo usicheke mwandiko.

Nilipokuwa kitandani nilisikia mambo. Nilimsikia shemeji Mashimba amekuja kuona mgonjwa, na badala ya kuona mgonjwa anazunguka nyumba akigonga kuta kwa fimbo. Nikamsikia Evelina, aliyekuwa amefunga kibanda chake aje kuniuguza, anatoka nje. "Baba mdogo," akasema, na nakuhakikishia mwaloni walimsikia, "ukitaka kujua nani anaishika nyumba hii kwa ajili ya Ngosha, ni mimi. Evelina Masele. Nenda kawaambie ukoo, na jina langu walitamke vizuri." Fimbo ilinyamaza. Jonathan alikuja kwa basi, akalia miguuni pangu kama mtoto, na hakuuliza presha iko ngapi. Okech alikuwa anakuja kila asubuhi kumchukua Ngosha waende karakana, Adoyo akiwapikia wote.

Siku homa iliposhuka niliamka nikiwa na wasiwasi kwamba Ngosha hajala. Nikajikokota mpaka mlangoni. Walikuwa uani, wote, wamezunguka sinia la ugali na sato. Ngosha ameoga, amevaa viatu. Nilisimama pale, wakaendelea kuzungumza. Hakuna aliyekuwa na shida ya kuniuliza kitu. Nimegundua, Wakili Msomi, kwamba ninaweza kufa. Imeniudhi sana.

Futa yote niliyoandika hapo juu. Andaa hati, waandike Evelina na Okech, nitakuja nao wiki ijayo, na safari hii yule dada asinisahau. Nikifa leo, ifanye kazi kesho.

Siku ile pale mlangoni, Ngosha ndiye aliyeinua kichwa akaniona nimeshikilia fremu. Nikafungua mdomo nitoe maagizo.

"Hapana, Mama," akasema. "Rudi ukalale. Sisi tunaendelea."

Nikarudi nikalala.